Ramani za Zamani za Nchi ya Kalemie: Ziwa, Reli na Vijiji vya Lukuga

Nchi inayouzunguka mji wa Kalemie, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ilichorwa kwenye karatasi kabla mji wenyewe haujakuwapo. Upande wa mashariki wake ni ziwa, ambalo maji yake yako mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Kaskazini husimama milima inayopanda hadi Kabobo, na kusini ardhi huinuka kuelekea Mugila na nyanda za juu za Marungu. Magharibi Mto Lukuga hutoka ziwani, hupenya vilima, hupita Niemba na Nyunzu, kisha huungana na Lualaba karibu na Kabalo. Ramani za topografia zilizochapishwa katika karne ya 20 zinaonyesha sura hiyo ya nchi pamoja na njia, vijiji, migodi na misheni. Msomaji anayezijua vizuri hupata ndani yake mambo mawili kwa pamoja: jinsi nchi ilivyokuwa, na walichokitafuta waliotuma wapimaji kuichora.

Michoro ya wasafiri

Ramani za kwanza za eneo hili hazikuwa za topografia. Zilikuwa michoro ya safari, iliyojazwa kando ya njia aliyopita msafiri na kuachwa tupu kwingineko. Mwaka 1858 John Speke alivuka ziwa kutoka Ujiji hadi kisiwa cha Kasenge, akitafuta kuazima jahazi la mfanyabiashara Mwarabu. Livingstone alipita Kasenge mwaka 1869 akielekea Manyema. Verney Lovett Cameron alifika mwaka 1874, na Henry Morton Stanley mwaka 1876. Wote walielekea kwenye kipande kimoja cha ufuko, kwa sababu hapo ndipo misafara ilipovukia. Mahali pa kushukia palikuwa Mtoa, kaskazini ya mdomo wa Lukuga, na kutoka hapo njia ya pembe na watumwa ilikwenda Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Mwaka 1879 wamisionari Waingereza wa London Missionary Society walijenga kituo chao Mtoa kwa sababu hiyo hiyo.

Majina yaliyoandikwa kwenye michoro hiyo yanatoa ushahidi wa aina yake. Nchi ya Waholoholo iliandikwa Uguha, na jirani zake zikaandikwa Ugoma, Ubembe na Urua. Hivyo ndivyo waongozaji na wapagazi waliotoka pwani na Unyamwezi walivyoziita nchi. Wazungu waliyaandika majina kama walivyoyasikia kutoka kwa watu hao, mara nyingi si kutoka kwa wenyeji. Kwa hiyo ramani ya mwaka 1876 inaeleza mtandao wa biashara kuliko inavyoeleza mipaka ya watu: inaonyesha ni nani aliyejulikana kwa wasafirishaji, na kwa jina gani.

Hatua ya kuelekea vipimo vya kweli ilifika na safari ya kisayansi ya Charles Lemaire, kati ya 1898 na 1900. Kundi lake lilipima mahali kwa kutazama nyota, likapata latitudo na longitudo za vituo vingi kwenye ufuko wa Tanganyika na ndani ya Katanga. Mahali palipopimwa namna hiyo paliweza kufungwa kwenye karatasi pasipo kutegemea hesabu ya siku za kutembea. Ufuko uliokuwa ukisogea kutoka ramani moja hadi nyingine ukaanza kutulia.

Komiti ya Katanga na mraba wa digrii moja

Upimaji wa topografia wenyewe ulizaliwa na mgawanyo wa ardhi. Mwaka 1891 Dola Huru ya Kongo ilikubaliana na Kampuni ya Katanga kuigawa nchi: theluthi moja kwa kampuni, theluthi mbili kwa dola. Mgawanyo ulipaswa kufanywa kwa vipande vya mraba vilivyokatwa na mistari ya latitudo na longitudo, vikipishana kati ya pande mbili. Juu ya meza mjini Brussels jambo hilo lilikuwa jepesi. Porini halikuwezekana, kwa sababu hakuna aliyejua mistari hiyo ilipita wapi. Mwaka 1900 pande hizo mbili ziliacha kugawana na kuunda Komiti Maalumu ya Katanga, iliyosimamia ardhi yote kwa niaba yao. Kaskazini mamlaka yake iliishia kwenye latitudo ya digrii 5 kusini mwa ikweta, na Kalemie, iliyo karibu na digrii 6, ikawa ndani yake.

Komiti iliunda idara ya jiografia na jiolojia, ambayo iliongozwa kwa muda mrefu na mwanajiolojia Maurice Robert. Idara hiyo ilitoa ramani kwa skeli ya 1:200,000, ambapo sentimita moja kwenye karatasi ni kilomita mbili ardhini. Nchi iligawanywa katika miraba ya digrii moja kwa digrii moja. Karibu na ikweta digrii moja ni takribani kilomita 110, hivyo mraba mzima hukaa kwenye upana wa sentimita 55 hivi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 matokeo yalikusanywa pia katika Atlasi ya Katanga, iliyotolewa kwa sehemu hadi miaka ya 1950.

Kazi ya uwanjani ilianza kwa pembetatu. Wapimaji walichagua vilele vinavyoonana, wakapima pembe kati yake, na kwa kujua urefu wa upande mmoja wakakokotoa pande nyingine. Kilele chenye alama ya pembetatu na kimo chake kwenye ramani ya zamani ni mahali ambapo mpimaji alisimama na chombo chake, baada ya wenyeji kumpandisha mizigo na kumfyekea miti iliyozuia macho. Nafasi iliyobaki katikati ya vilele ilijazwa kwa kutembea na dira, na ndiyo maana mabonde yaliyo mbali na njia huchorwa kwa mikunjo laini isiyo na maelezo.

Taasisi ya Jiografia ya Kongo ya Kibelgiji ilipoanzishwa mwaka 1949, picha za angani zilichukua nafasi ya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Mistari ya kontua ikawa sahihi zaidi, vijito vikaongezeka, na mashamba yakaanza kuonekana. Anayelinganisha ramani ya kabla ya picha za angani na ya baadaye lazima awe mwangalifu: kijito kipya kwenye karatasi si kijito kipya ardhini.

Ufuko unaohama

Jambo la kwanza ambalo ramani za Kalemie hufundisha ni kwamba ufuko wa Tanganyika hautulii. Cameron aliona Lukuga ikitoka ziwani mwaka 1874. Miaka miwili baadaye Stanley alikuta mdomo umezibwa na fungu la mchanga, mafunjo na matete, akaandika kwamba mto bado haujawa njia kamili ya maji. Mwaka 1879 Edward Hore na Joseph Thomson walikuta mkondo wenye nguvu. Hakuna aliyedanganya. Ziwa lilikuwa limepanda hadi upeo wake karibu na mwaka 1878, likavunja kizuizi kilichokuwa mdomoni, kisha maji yakashuka kwa karibu mita 10 katika muda usiofika miaka 20.

Mteremko huo uliacha ardhi mpya. Pale ambapo ufuko una mwinuko wa mita moja kwa kila mita 100, maji yakishuka mita moja hufichua ukanda wa mita 100. Kwenye ramani ya 1:200,000 ukanda huo ni nusu milimita tu, unene wa mstari wa kalamu. Kwenye ramani ya 1:50,000 ni milimita mbili, na hapo ndipo mashamba ya bondeni, vibanda vya wavuvi na vinamasi nyuma ya mchanga huanza kupata nafasi. Mstari wa buluu wa ufuko kwenye ramani yoyote ni wa mwaka wa kipimo tu. Kwa sababu hiyo kimo cha ziwa kilichoandikwa pembeni ya mstari huo kina thamani kuliko mstari wenyewe.

Mhandisi Mbelgiji Égide Devroey alichapisha mwaka 1938 utafiti juu ya tatizo la Lukuga, akifuata kupanda na kushuka huko. Ziwa hupoteza maji yake mengi kwa mvuke, na Lukuga hubeba sehemu ndogo tu. Mto huo ni mlango mwembamba: miaka ya mvua nyingi haumudu kuyatoa maji yote, na mchanga na majani yakijaa mdomoni humudu kidogo zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua kubwa za Afrika Mashariki zilipandisha tena ziwa kwa mita kadhaa, hadi upeo wa mwaka 1964. Mafuriko ya miaka ya 2020, yaliyofikia kilele mwaka 2024, yaliingia katika nyumba na barabara za Kalemie, Uvira na Bujumbura. Sehemu kubwa ya ardhi iliyofunikwa ni ile ile ambayo ramani za kale zinaionyesha kama kinamasi, mchanga au maji.

Reli, bandari na makaa ya mawe

Mstari mzito kuliko yote kwenye ramani za karne ya 20 ni wa reli. Kampuni ya reli ya Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, maarufu kwa herufi CFL, iliundwa mwaka 1902 chini ya Baron Empain, ili kuunganisha Mto Kongo na maziwa. Njia yake kutoka Kabalo, yenye urefu wa kilomita 273, ilifika Tanganyika mwaka 1915. Kwa sehemu kubwa hufuata bonde la Lukuga, na kontua zinaeleza sababu: kati ya ziwa na Lualaba ardhi hushuka karibu mita 200, na mto ndio uliokwisha kukata njia katika vilima.

Reli ilihamisha kitovu cha nchi. Ngome ya Albertville ilikuwa imeanzishwa mwishoni mwa 1891 na Kapteni Alphonse Jacques, aliyetumwa na chama cha Wabelgiji cha kupinga biashara ya utumwa, na kwa miaka mingi Mtoa ilibaki mlango wa ufuko huo. Lakini bandari ya reli ilijengwa kusini ya mdomo wa Lukuga, mahali palipoitwa Kalemie, na mji ukakua hapo. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia bandari hiyo ilishusha majini boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizokuwa zimesafirishwa kwa meli, nchi kavu na reli. Zilikamata meli ya Wajerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann tarehe 9 Februari 1916. Mwaka huo huo Wabelgiji walizitumia ndege za majini kupiga mabomu Kigoma. Ndege hizo hazikuweza kukaa salama kwenye mawimbi ya ziwa kuu, zikapelekwa kwenye ziwa dogo la Tungwe karibu na Mtoa. Doa la buluu nyuma ya ufuko, ambalo kwenye karatasi halina uzito, likawa kiwanja cha kijeshi.

Kando ya reli ramani huonyesha alama ya nyundo mbili zilizopishana, yaani mgodi. Makaa ya mawe ya bonde la Lukuga yalichimbwa Greinerville na Makala. Miamba yenye makaa hayo ni ya umri wa Karoo, na wanajiolojia wameipa jina la kundi la Lukuga. Kaskazini, ufukoni, chokaa na saruji vilitoka Kabimba. Mjini kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilisokota pamba. Vitu hivi vyote hupata alama kubwa na majina ya wazi, na njia za kuvifikia huchorwa kwa uangalifu kuliko njia ya kwenda kijiji chenye watu wengi zaidi.

Vijiji na mamlaka

Kwenye ramani za zamani vijiji vya nchi hii ni nukta au viduara vyenye jina. Mara nyingi jina hilo ni la mkuu wa kijiji aliyekuwa hai wakati wa kipimo. Mkuu alipofariki, au udongo ulipochoka, au ugonjwa ulipoingia, watu waliweza kuhama na jina likabadilika au likahama nao. Kwa hiyo majina mawili yaliyo kilomita tano mbali katika ramani mbili za miaka tofauti yanaweza kuwa kijiji kimoja, na jina moja linaweza kuwa vijiji viwili. Kazi ya kutambua hutegemea kumbukumbu za wazee wa mahali, makaburi, miembe na michikichi iliyobaki kwenye mahame.

Serikali ya kikoloni haikupenda vijiji vinavyohama. Amri ya 2 Mei 1910 iliweka masultani chini ya orodha na mipaka, na ile ya 5 Desemba 1933 ikapanga upya maeneo yao ya utawala. Mipaka ya usultani, kama ule wa Tumbwe karibu na Kalemie, ikawa mistari ya vitone kwenye karatasi. Mistari hiyo mara nyingi hufuata kijito au mgongo wa kilima kwa sababu ni rahisi kuieleza, ingawa haki za kuwinda, kuvua na kulima zilipishana pande zote mbili. Ugonjwa wa malale, uliopiga fuko za Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20, nao ulitoa sababu ya kuwahamisha watu na kuwakusanya.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Katika ramani za baadaye nukta za vijiji hujipanga kando ya barabara za magari kama shanga kwenye uzi, na mabonde yaliyokuwa na majina hubaki na miti tu. Barabara yenyewe ilifyekwa na kutengenezwa na wanavijiji hao. Ndiyo iliyomleta mkusanyaji wa kodi na mnunuzi wa pamba, zao ambalo kulilima kulilazimishwa kuanzia amri ya mwaka 1917. Vibanda vya mapumziko vya maofisa, vilivyowekwa kila baada ya mwendo wa siku, vinaonyesha mzunguko wa afisa wa utawala kwa usahihi kama kitabu chake cha safari.

Kuna pia watu ambao ramani haiwaonyeshi kabisa. Batwa, waliotegemea msitu kwa uwindaji na asali kati ya Kalemie na Nyunzu, hawakuwa na makao ya kudumu ambayo mpimaji angeyawekea nukta. Msitu wao ulichorwa kama nafasi isiyo na mtu. Kambi za wavuvi ufukoni, zilizojaa wakati wa ndagala na kuachwa mwezi mchanga ukipita, zilikosa alama kwa sababu hiyo hiyo.

Misheni na majina yaliyobadilika

Msalaba wa misheni ni alama nyingine inayoeleza zaidi ya mahali. Mpala, kusini ya Kalemie, kilianzishwa mwaka 1883 na Émile Storms kama kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, kikakabidhiwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Kapteni Léopold Joubert aliwalinda kwa silaha dhidi ya wafanyabiashara ya utumwa. Mwaka 1893 Mapadri wakaanzisha Baudouinville. Waliokimbia kukamatwa au waliokombolewa walikusanyika kuzunguka vituo hivyo, na misheni ikawa kijiji kikubwa kuliko vya masultani wa jirani.

Baada ya uhuru majina ya wafalme na wakurugenzi wa makampuni yaliondolewa. Mwaka 1966 Albertville ikawa Kalemie, na Baudouinville nayo ikawa Moba. Jina la bandari ndogo ya mwaka 1915 likawa la mji mzima, na tangu 2015 la makao makuu ya mkoa wa Tanganyika, uliotokana na kugawanywa kwa Katanga. Majina ya mito na vilima, kwa upande wake, yalibadilika kidogo sana. Ndiyo nguzo bora za kulinganisha ramani za vipindi mbalimbali.

Kupata umri wa ramani

Tarehe ya uchapishaji haitoshi kueleza umri wa maelezo, kwa sababu karatasi moja hubeba vipimo vya miaka mingi. Ushahidi wa ndani husaidia. Ramani isiyo na reli kutoka Kabalo imetokana na habari za kabla ya 1915. Iliyo na reli ya Kabalo hadi Kamina, iliyokamilika mwaka 1956, ni ya baada ya mwaka huo. Umeme unaotoka Bendera, kwenye maporomoko ya Kiyimbi, ulijengwa katika miaka ya 1950. Jina Albertville linaelekeza kabla ya 1966, ingawa matoleo mengine yaliendelea kunakili maneno ya zamani. Rangi ya karatasi na mtindo wa herufi haviaminiki sana: ramani zilichapishwa tena bila kupimwa upya.

Mipaka ya ushahidi

Ramani huonyesha daraja pasipo kueleza kama bado limesimama. Mwezi Novemba 1960, wakati wa kujitenga kwa Katanga, doria ya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa kutoka Niemba ilisimama kwenye Mto Luweyeye kwa sababu daraja lilikuwa limebomolewa. Wapiganaji wa Kiluba waliwashambulia tarehe 8 na kuwaua askari tisa. Barabara zilizolazimishwa na utawala zilikuwa pia za kwanza kukatwa watu walipotaka kuzuia jeshi. Katika vita vya 1964 na vile vya baadaye, vijiji vingi vya kando ya barabara viliachwa na watu wakarudi mabondeni, yaani mahali pale ramani ilipopaacha wazi.

Mpaka wa pili wa ushahidi ni wa kisheria. Katika magomvi ya ardhi yaliyofuatia mapigano kati ya Batwa na Waluba katika miaka ya 2010, kumiliki jina kwenye karatasi ya kikoloni kunaweza kuonekana kama haki. Ramani huthibitisha kwamba mpimaji aliandika jina hilo mahali hapo, na pengine kwamba utawala ulimtambua mkuu fulani. Haithibitishi kwamba wengine hawakuwa na haki za kupita, kuwinda au kuvua. Ili kupata hayo, ramani husomwa pamoja na kumbukumbu za utawala, shajara za misheni, picha za angani na maneno ya wenyeji.

Ikisomwa hivyo, inabaki na matumizi ya moja kwa moja. Mpangaji wa mji huweza kulinganisha ufuko wa vipindi mbalimbali na kuona ardhi ambayo ziwa limekuwa likiidai kila baada ya miongo michache. Mhandisi huona mapito ya zamani ya Lukuga na vijito vinavyoingia mjini. Mwanahistoria huona mahame, njia za misafara zilizozimwa na reli, na vijiji vilivyovutwa barabarani. Karatasi nyingi za aina hii zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na katika Taasisi ya Jiografia ya Kongo iliyorithi kazi ya ile ya kikoloni.